Lango Ambalo Ragna Hakulifungua

Mchungaji wetu, ndugu wa karibu na wa mbali, majirani wa Tamarack Falls na wageni mliosafiri kuja kumsindikiza mwenzetu, familia za Tollefsrud na Haugstad zimetaka haya yasomwe mbele yenu, ili aliyemfahamu marehemu amkumbuke kama alivyokuwa, na aliyemfahamu kwa kusoma vitabu tu apate kumjua leo.

Marehemu Marlys Tollefsrud Haugstad alizaliwa Jumatatu tarehe 9 Aprili 1956 katika shamba la familia nje kidogo ya Tamarack Falls, Wisconsin, akiwa mtoto wa kwanza wa Arvid na Joyce Tollefsrud, akabatizwa katika kanisa hili tarehe 6 Mei mwaka huohuo. Mdogo wake, Duane, alizaliwa mwaka 1959. Baba yao alifariki mwaka 1963 baada ya kuangukiwa na trekta, mama yao akaenda Milwaukee kufanya kazi kiwandani, na watoto wakabaki kwa mama mzaa baba, Bibi Ragna Tollefsrud, ambaye wengi wenu mliozidi miaka sitini mnamkumbuka kwa sauti yake na kwa mikate yake ya viazi.

Jambo moja kuhusu Bibi Ragna lazima lisemwe hapa, kwa sababu mengine yote yanatokana nalo. Mwaka 1966, dhoruba ya theluji iliwakuta watoto wa shule njiani mchana kweupe, wakawa hawaoni hata mikono yao, na bibi huyo akasimama kwenye mlango wa zizi la ng'ombe, taa mkononi, mgongo wake umeubana mlango uliokuwa ukisukumwa na upepo, akiita jina la kila mtoto wa barabara ile mpaka wa mwisho alipoingia. Marlys alikuwa na miaka tisa, na ndiye aliyeingia wa mwisho, kwa sababu alikuwa amembeba Duane mgongoni. Hadithi hiyo haikuwa ikisimuliwa nyumbani, maana bibi mwenyewe hakupenda, lakini mabega yake yalimuuma kila baridi ilipoingia mpaka alipofariki mwaka 1977, na Marlys ndiye aliyekuwa akimkanda.

Marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia 1962 hadi 1970, na sekondari kuanzia 1970 hadi 1974, zote hapahapa mjini. Alifaulu vizuri, na mwalimu wake wa lugha alimshauri aende chuo, lakini fedha za chuo zilitosha mtoto mmoja, naye akasema aende Duane. Mwezi Juni 1974 aliajiriwa katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha mjini, kwanza kama mpangaji wa herufi, halafu kama msahihishaji wa kurasa kabla hazijapelekwa mtamboni, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na mitano, mpaka alipostaafu mwaka 2019.

Katika majira ya joto ya mwaka 1978, Duane alirudi kutoka chuoni akiwa na sanduku lenye dadu za kila umbo na vijitabu vitatu, akamfundisha dada yake mchezo ambao watu huketi kuzunguka meza, mmoja wao akiwa mwongozaji anayesimulia dunia na hatari zake, na kila mmoja wa wengine akiwa na mhusika wake, humtungia jina na tabia, humsemea na kumwamulia la kufanya, kisha dadu huonyesha kama jambo limewezekana. Waliokaa kwenye meza ile, katika chumba cha chini cha nyumba ya Bibi Ragna, walikuwa wanne. Duane alikuwa mwongozaji. Lyle Haugstad, dereva wa lori la maziwa, alicheza mwizi mwenye roho nzuri. Phyllis Dragseth, mwalimu wa hesabu, alicheza mchawi. Marlys alicheza mlinzi wa lango la mji wa Hoarfell, mwanamke mwenye taa na mkuki, akampa jina la bibi yake aliyefariki mwaka mmoja kabla, akamwita Ragna.

Meza ile ilikuwa na sheria moja iliyozidi zote zilizomo katika vijitabu, na aliyeiweka ni Duane mwenyewe, kwamba mhusika husemewa na mchezaji wake tu. Mwongozaji aweza kuleta majoka, tauni na mafuriko, lakini hawezi kusema mhusika wa mtu amewaza nini au ametenda nini. Mchezaji akilazimika kuondoka, dadu yake huwekwa juu ya karatasi ya mhusika wake, hufunikwa kwa kikombe cha kahawa kilichopinduliwa, na toka hapo mhusika yule hesabu yake amelala, hata kama alikuwa katikati ya vita, wenzake humlinda zamu kwa zamu, na hakuna anayemgusa mpaka mwenyewe arudi na kukifunua kikombe. Phyllis aliwahi kuugua majira yote ya baridi, na mchawi wake akabebwa kwenye machela mfululizo, Lyle akilalamika kila juma, "Mchawi gani huyu mzito hivi, anakula mawe?" lakini hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Marehemu alifunga ndoa na Lyle Haugstad katika kanisa hili Jumamosi tarehe 20 Juni 1981. Duane ndiye aliyesimama na bwana harusi, na katika hotuba yake alisema kwamba dada yake alimbeba mara mbili, mara moja kwenye theluji na mara moja kwenda chuo, na kwamba siku moja naye atambeba. Waliokuwepo walipiga makofi sana. Marlys na Lyle waliendelea kuishi katika nyumba ya Bibi Ragna, wakajaliwa mtoto mmoja, Karin, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1985.

Jumamosi tarehe 12 Novemba 1983, mchana, meza ile ilikaa kwa mara ambayo hakuna aliyejua kuwa ni ya mwisho. Jeshi la adui lilikuwa limefika Hoarfell, watu wa mji walikuwa wanavushwa mto kwa nyuma, na lango la mbele lilihitaji mtu. Mambo yalivyokwenda yanasemwa hapa na watu wawili waliokuwepo, ambao wako hai na wameketi katika safu ya mbele.

"Ragna anabaki," Marlys alisema.

"Acha wazimu, Marlys," Lyle akamwambia, "tukimbie wote."

"Wewe vuka na hao watoto. Maneno yako utayamalizia ng'ambo."

Duane akamtazama. "Dada, wanaokuja ni mia nne."

"Basi waje kwa foleni. Lango ni jembamba."

Walicheka mpaka Phyllis akamwaga kahawa. Marlys akasema Ragna amelifunga lango, ameweka mgongo wake kwenye mbao, na taa ameiinua ili walioko mtoni waione, na akaishika dadu yake ya pande ishirini tayari kuirusha. Hapo simu ikalia. Kiwanda cha maziwa kilimtaka Lyle alete lori kabla theluji haijaziba barabara, wote wakainuka kutafuta makoti, na Marlys akaiweka dadu juu ya karatasi bila kuirusha. Aliyekipindua kikombe juu yake ni Duane. Alisema, "Ragna amelala. Asimguse mtu."

Mwezi Januari 1984 Duane aliajiriwa na kampuni ya michezo ya kusini mwa jimbo, akahama, na kampuni ikamtaka aandike riwaya zitakazotoka katika safari zile zilizochezwa mezani. Dada yake alifurahi kuliko yeye. Alimpigia chapa sura za kwanza, usiku baada ya kazi na mtoto akiwa tumboni, na kila alipouliza, "Na sisi tutaimaliza lini ile ya langoni?" alijibiwa, "Kitabu kikiisha, Dada, naja tunakaa." Sura za mwisho Duane hakumletea.

Sura hizo alizikuta kazini. Kampuni ile ilichapisha vitabu vyake kwenye kiwanda alichofanyia kazi marehemu, na katika majira ya kuchipua ya mwaka 1986 kurasa za riwaya ya kwanza zilifika mezani kwake ili azisahihishe. Alizisoma kwa mpangilio, kama alivyosoma kila kitu, akafurahia mwizi wa Lyle na machela ya mchawi, mpaka akafika kwenye sura ya lango, na humo Ragna, mwenye jina la bibi yake na taa ya bibi yake, alipokea mfuko wa fedha kutoka kwa jemadari wa adui, akaizima taa, akalifungua lango kwa ndani, na watu wa Hoarfell wakauawa mtoni.

Kazi yake ilikuwa kusahihisha mikato na herufi. Aliisahihisha. Ukurasa ule ulitoka mikononi mwake bila kosa, akatia saini kwamba umekaguliwa, akaenda kwenye simu ya ofisini, na msimamizi wake, Bwana Emil Radke, ambaye yuko nasi leo, alisikia upande mmoja wa mazungumzo, na upande wa pili marehemu alimweleza Lyle jioni ile.

"Duane, nani alifungua lango?"

"Dada, hicho ni kitabu tu."

"Sikukuuliza ni nini. Nimekuuliza nani alifungua lango."

"Mhariri alitaka msaliti, bila msaliti hakuna kitabu cha pili. Ningemchukua nani? Lyle angenipiga. Phyllis angeacha kusema nami. Wewe nilijua utanielewa."

"Ungemtungia wa kwako. Ungemwita jina lolote."

"Ragna ni jina zuri, lina uzito. Lilikaa vizuri."

Marlys akasema, "Kikombe ulikipindua mwenyewe," na akaikata simu. Alirudi mezani akasahihisha sura iliyofuata.

Riwaya ile ilipendwa, kama mnavyojua, ikafuatwa na nyingine tisa. Familia haisemi kwamba ni mbaya. Inasema tu, kwa ajili ya kumbukumbu, kwamba si kweli, kama ilivyoandikwa nyuma ya jalada, kwamba wahusika wote walitungwa na mwandishi peke yake katika kibanda kando ya ziwa. Walitungwa na watu wanne, chini ya ngazi, karibu na mashine ya kufulia. Ukurasa wa mbele wa kitabu cha kwanza umeandikwa, "Kwa dada yangu, aliyenibeba," na marehemu alikuwa na nakala hiyo, na hakuiweka rafuni pamoja na vitabu vingine.

Jina la Ragna likawa neno la kutukania watu. Wasomaji walilivaa kwenye fulana likiwa limekatwa mstari mwekundu. Karin alipokuwa darasa la sita, wenzake waliogundua uhusiano wa familia walimwita mjukuu wa msaliti, akarudi nyumbani akiuliza kama bibi mzaa babu alikuwa mtu mbaya, na mama yake akamchukua mpaka kwenye zizi la zamani akamwonyesha mlango. Mwaka 1998, siku ile ya Oktoba watoto wanapovaa mavazi ya kutisha na kupita nyumba kwa nyumba kuomba peremende, msichana mmoja alibisha hodi akiwa na joho la kijivu na kijifuko kilichokuwa kikitoa mlio wa vyuma.

"Na wewe ni nani, mwanangu?" Marlys alimuuliza.

"Mimi ni Ragna."

"Na hicho ulichobeba?"

"Fedha alizohongwa, mama. Si aliwauza watu wake?"

"Hakuhongwa. Alikuwa na taa."

"Kwenye kitabu ni fedha," msichana akasema kwa adabu, kama mtu anayemrekebisha mgeni.

Marlys alimjazia peremende, akamwambia ajifunge joho vizuri kuna baridi, akaufunga mlango taratibu, na Lyle akamkuta amekaa kwenye ngazi na bakuli mapajani. Alisema, "Lyle, sasa ni wao ndio wanaojua."

Isidhaniwe kwamba marehemu aliishi kwa kinyongo. Aliimba katika kwaya ya kanisa hili kwa miaka thelathini, alioka mikate ya viazi kwa kila msiba wa barabara yake, aliwafundisha vijana wa maktaba mchezo uleule kila Alhamisi, akawa mwongozaji wao, na sheria ya kwanza aliyowapa mnaijua. Mezani kwao alicheza wahusika wengine, wakorofi na wachekeshaji. Ragna hakumchezesha tena, wala hakumsemea hata kujibu matusi, kwa sababu, alisema, hawezi kukifunua kikombe peke yake, mwongozaji hayupo. Meza ya chumba cha chini haikuondolewa. Alipanguza vumbi kukizunguka kikombe kile kwa miaka arobaini, na Lyle, ambaye mwizi wake aliachwa katikati ya mto, alipotaka kumchekesha alisema, "Mwenzio bado nimelowa toka mwaka themanini na tatu, mniletee hata taulo." Lyle alipomuuliza kwa nini asimwite Duane wayamalize, Marlys alijibu kwamba Duane anajua njia ya kuja.

Duane alikuja kila Krismasi, akala, akacheka na watoto, na hakushuka ngazi za chumba cha chini.

Mwezi Agosti 2023 marehemu alianza kupungua mwili na kuumwa mgongo, na tarehe 5 Septemba madaktari wakagundua kwamba ana saratani ya kongosho. Alitibiwa hospitalini majira yote ya baridi, na mwezi Machi 2024 akaomba arudishwe nyumbani. Jumapili ya Pasaka, tarehe 31 Machi, Duane alipokuja kumwona, marehemu alimwomba jambo moja mbele ya mumewe na binti yake, nalo ni kwamba aketi mezani, akifunue kikombe, na amwache arushe dadu yake langoni.

"Kitabu sikigusi," alimwambia. "Waliosoma wamesoma. Mimi nataka zamu yangu."

"Na ukipata moja, Dada? Ukashindwa?"

"Basi nitakuwa nimeshindwa mimi. Siyo wewe."

Duane alilia, akamshika mkono, akaahidi kuja Jumamosi tarehe 20 Aprili. Siku hiyo Lyle na Karin walipandisha meza ile kutoka chini bila kukisogeza kikombe, wakaiweka kando ya kitanda, Phyllis akaja na fimbo yake ya kutembelea na karatasi ya mchawi wake, na marehemu, ambaye juma zima hakuweza kuketi, akaomba mito ya kuegemea na akavaa sweta yake ya buluu. Saa tisa alasiri simu ililia, Lyle akaipokea. Duane alikuwa Milwaukee, kwenye tamasha la wachezaji, foleni ya wasomaji wanaotaka saini ilikuwa imezunguka jengo, waandaaji walimwomba aongeze siku.

"Shemeji, nielewe," alisema. "Mwambie Ragna anisubiri kidogo."

Lyle aliyafikisha maneno hayo kama yalivyo, kwa sababu mkewe alimwambia ayafikishe kama yalivyo. Marlys alikitazama kikombe, akasema, "Mwambie amezoea."

Karin, kwa uchungu, alitaka kukifunua ili mama yake arushe dadu hata bila mwongozaji, na mama yake akamzuia mkono. Alisema kitabaki kama kilivyo, na kwamba yeye akiondoka asije mtu akamrushia. Marehemu Marlys Haugstad alifariki nyumbani kwake Jumatano tarehe 24 Aprili 2024, saa moja asubuhi, mume na binti yake wakiwa wamemshika, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Ameacha mume, mtoto mmoja, wajukuu wawili na ndugu mmoja.

Alhamisi, siku moja baada ya kifo, kabla jeneza halijachaguliwa, gazeti la hapa lilitoa habari kwamba Bwana Duane Tollefsrud ataandika riwaya ya mwisho kwa heshima ya dada yake, na kwamba ndani yake Ragna atatubu na kusamehewa. Familia haikuulizwa. Kwa hiyo inajibu hapa, mbele ya kanisa hili na mbele ya Bwana Tollefsrud mwenyewe aliyeketi katika safu ya tatu, kwamba Ragna hatatubu, kwa sababu hana la kutubia. Jumamosi ile ya mwaka 1983 alilifunga lango, akaweka mgongo wake, akainua taa, na hakuna lililotendeka mezani baada ya hapo. Mchezaji wake ndiye pekee aliyekuwa na ruhusa ya kumsemea, naye ameondoka. Familia inamwomba Bwana Tollefsrud, kwa sheria aliyoiweka yeye mwenyewe, asimguse.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, hasa wauguzi waliokuja nyumbani mwezi wa mwisho na kujifunza kupita pembeni ya meza bila kuuliza. Inawashukuru majirani waliosafisha njia ya gari na kuleta chakula, wafanyakazi wenzake wa uchapaji, Bwana Radke, wanakwaya, vijana wa Alhamisi waliobeba maua, na Mwalimu Phyllis Dragseth. Inamshukuru pia Bwana Duane Tollefsrud kwa kufika leo.

Baada ya mazishi mnakaribishwa ukumbi wa chini kwa kahawa na mikate. Mtaona hapo meza ndogo na juu yake kikombe kilichopinduliwa. Wachezaji wenzake wawili watakaa hapo kwa zamu, Lyle akianza. Tafadhali msikiinue.

Pumzika, Marlys, kwa amani uliyowapa wenzako pale langoni. Wote wamevuka, na taa yako wanaiona.